Gitaa la Tarime Likwaruzwe au Liachwe?

MPIGA SOLO: Nianze na kukataa ili tusipotezeane muda. Pedali ya ovadraivu siikanyagi kwenye kazi hii, na ile kompresa nayo iondolewe mbele ya mguu wangu. Nimelelewa na benga, na benga ni muziki wa uzi mmoja mmoja. Gitaa lake la solo lilijifunza kutembea kutoka kwa nyatiti ya Wajaluo, chombo cha nyuzi nane ambacho mpigaji wake huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, akigonga mbao kila anapochuna. Kila noti ina mahali pake. Msikilizaji azihesabu noti zangu kama mtu anayehesabu ng'ombe wakitoka zizini asubuhi: huyu, huyu, na huyu. Ukitia mkwaruzo, zizi zima linamwagika kwa pamoja, na hakuna ajuaye wametoka wangapi.

FUNDI WA STUDIO: Mzee, naomba nikupinge kwa heshima. Benga unayoikumbuka haikuwahi kuwa safi hivyo. Daniel Owino Misiani alizaliwa Nyamagongo, kule Shirati, mwaka 1940, na Shirati ilihesabiwa Wilaya ya Tarime hadi Rorya ilipoundwa mwaka 2007. Ni mtu wa huku. Sauti za bendi yake ya benga, Shirati Jazz, zilipita kwenye amplifaya, zikaingia kwenye utepe, zikaishia kwenye santuri ndogo za mizunguko 45. Utepe ukijazwa sauti nyingi hubana wenyewe zile noti kali na kuongeza ukali kidogo. Amplifaya ya valvu ikisukumwa sana hufanya hivyo hivyo. Mkwaruzo ulikuwemo, mzee, ila uliuzoea ukauita usafi. Mimi kompyuta yangu haina utepe wala valvu. Nikikuchukua moja kwa moja kwa waya, gitaa linatoka jembamba na kavu. Pedali hizi mbili zinarudisha kilichopotea.

MPIGA SOLO: Utepe ulibana bendi nzima, tena mwishoni, sauti zikiwa zimekwisha kukutana. Wewe unataka kunibana mimi peke yangu, mwanzoni, kabla kidole changu hakijamfikia mtu yeyote. Hayo ni mambo mawili, mura. Usiyaite urithi.

MWIMBAJI: Ngojeni kwanza. Mnasema kubana, kubana. Wengine tunaona taa nyekundu tu ikiwaka sakafuni. Hiyo kompresa inafanya nini?

FUNDI WA STUDIO: Unaiwekea kizingiti, mama. Sauti iliyo chini ya kizingiti inapita ilivyo. Iliyokivuka inapunguzwa kwa uwiano uliouchagua. Uwiano ukiwa nne kwa moja, noti iliyovuka kwa desibeli 12 inatoka ikiwa imevuka kwa desibeli 3 tu. Kisha sauti yote inapandishwa, kwa hiyo zile noti ndogo zilizokuwa zinapotea zinasikika, na kubwa haziumizi sikio. Pedali za kazi hiyo zimekuwepo tangu miaka ya 1970. MXR Dyna Comp ya Marekani ni ya wakati huo, ina vifundo viwili tu. Yangu ina vinne. Ovadraivu ni habari nyingine. Ibanez Tube Screamer, iliyotoka Japani mwishoni mwa miaka hiyo hiyo, inakuza sauti ya gitaa halafu diodi zinakunja vilele vya mawimbi. Wimbi lililokunjwa huzaa sauti mpya juu ya ile ya kwanza, na hizo ndizo sikio linaziita mkwaruzo.

MPIGA SOLO: Vifundo vinne, na viwili kati yake ni vya muda. Hivyo ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Wimbo ukichemka napiga noti nane kwa sekunde. Kila noti ina milisekunde 125 za kuishi. Ukiweka muda wa kuachia kuwa milisekunde 300, kompresa yako haijaiachia noti ya kwanza na nyingine mbili zimekwisha kupita zikiwa zimeinamishwa kichwa. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa chemko hakuna hata moja inayopumua. Halafu kuna muda wa kushika. Ukiufanya milisekunde moja, kinachokatwa ni ule mdonoo wa kwanza wa kucha kwenye uzi. Kwenye benga mdonoo ule ni ngoma. Watu wanaucheza.

FUNDI WA STUDIO: Basi tuuache mdonoo upite. Kushika tuweke milisekunde 30, kuachia tuweke 80. Jumla 110, na noti yako ina 125. Kidole kinaingia huru, mkia unashikwa, na noti inayofuata inakuta mlango uko wazi.

MPIGA SOLO: Na mwishoni nikiongeza kasi, kama tunavyoongeza siku zote wachezaji wakianza kupiga kelele? Kifundo hakijui wimbo umefika wapi. Mkono unajua. Nikitaka noti iwe ndogo naipiga ndogo, na nina sababu. Nilitumia miaka kuujifunza huo udogo.

FUNDI WA STUDIO: Sawa, lakini nani anausikia? Tutoke nje ya studio. Harusini Sirari, au kwenye mkutano wa hadhara Mugumu, gitaa linapitia spika za honi zilizofungwa juu ya gari, upepo unavuma, watoto wanalia, pikipiki zinapita. Aliyesimama mbali anapata noti tatu kati ya nane. Hizo tano ndogo, zenye sababu zake, zinamwagika njiani. Kompresa inazibeba mpaka kwake. Na siku hizi wimbo unaanza maisha yake kwenye simu. Spika ya simu haina nafasi ya udogo wa namna hiyo. Mimi nataka mtu wa Nyamwaga anayesikiliza kwa simu asikie vidole vyako vyote, mzee. Ndiyo maana nang'ang'ana hivi.

MPIGA SOLO: Nitakuambia nilichokiona kwa macho yangu. Kuna harusi nilipiga upande wa Nyamongo, jenereta iko nyuma ya hema. Aliyekuwa na mitambo alinichomekea kompresa bila kuniuliza. Nikipiga, mngurumo wa jenereta unashuka. Nikinyamaza ili mwimbaji aingie, unapanda, mpaka unalingana na gitaa lenyewe. Ndivyo kinavyofanya kazi kifaa hicho: kikikosa kikubwa cha kushika, kinakuza kidogo kilichobaki, na kilichobaki ulikuwa umeme mbovu. Usiku mzima sikuwa na kimya. Nusu ya kazi ya solo ni kujua pa kunyamaza, na mimi siku ile nilinyang'anywa mahali hapo.

FUNDI WA STUDIO: Hilo ni kosa la waya na ardhi, mzee, na pia la mtu aliyekandamiza kupita kiasi. Hapa studio umeme wangu ni safi.

MPIGA SOLO: Hapa. Wimbo ukishapendwa nitaitwa kuupiga kule.

MWIMBAJI: Mimi kompresa sina ugomvi nayo sana. Hata sauti yangu huwa unaipitishia humo, nimekubali, maana nikiimba huku nacheza siwezi kuwa umbali uleule na maiki kila wakati. Kinachonisumbua ni hiyo ovadraivu. Mara ya mwisho ulipoiwasha nilijikuta napiga kelele. Sikuelewa kwa nini, sauti ya gitaa haikuwa kubwa kuliko kawaida.

FUNDI WA STUDIO: Ni kweli, mama. Pedali ya namna ya Tube Screamer inapunguza sauti nzito na nyembamba na kuacha nundu katikati, karibu na hezi 720. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili gitaa lipenye kwenye bendi bila kuongeza nguvu.

MWIMBAJI: Na hapo katikati ndipo ninapokaa mimi. Irabu zangu ziko hapo. Kiswahili na Kikurya karibu kila silabi inaishia kwenye irabu. Ukinifunika *a*, umenifunika neno zima. Nikiimba jina la marehemu na gitaa limeketi juu yake, ndugu zake watasikia nini? Mzungu anaweza kuimba kwa konsonanti, zikapita juu ya mkwaruzo. Mimi siwezi.

FUNDI WA STUDIO: Tunaweza kuiwasha pale tu unapopumzika. Benga yenyewe iko hivyo: sauti inasema, gitaa linajibu, mwishoni gitaa linabaki uwanjani peke yake. Mguu ukanyage hapo.

MWIMBAJI: Hapo nitakusikiliza. Lakini ahadi ya mguu nimeshaisikia kwa wapiga gitaa wengi. Jukwaani mguu husahau.

MPIGA RITUNGU: Nimewasikiliza muda mrefu. Kazi hii ni ya ritungu, chombo chetu Wakurya cha nyuzi; gitaa limekaribishwa. Hakuna aliyeuliza ritungu linasemaje.

FUNDI WA STUDIO: Samahani, mzee. Tuambie.

MPIGA RITUNGU: Ritungu linavuma. Mgeni akilisikia mara ya kwanza anadhani kuna kitu kimelegea. Hakuna kilicholegea. Nyuzi ni nane, na kila mmoja unapotetemeka unagusa pale kwenye daraja lake na kutoa mvumo wake. Miaka mingi iliyopita mtu mmoja alikuja kunirekodi. Akasokota kitambaa akakiingiza chini ya nyuzi, akasema chombo kimeharibika na anakiponya. Nilipousikia ule wimbo baadaye sikujitambua. Ilikuwa kama kumsikia mtu wa kwetu anaongea akiwa amezibwa pua.

FUNDI WA STUDIO: Mzee wangu, umenisaidia kuliko unavyojua! Mpiga solo anasema mkwaruzo ni uchafu wa kuletwa. Lakini wakubwa wetu Tarime na Serengeti walijenga chombo ili kikwaruze. Aliyekuja na kitambaa ndiye aliyeleta usafi kutoka nje. Gitaa ndilo geni hapa, na gitaa safi ni geni mara mbili. Likipata ovadraivu kidogo litakaa kando ya ritungu kama ndugu. Kinshasa walishafanya hivyo. Mawangu Mingiedi wa bendi ya Konono N°1 alizifunga likembe, zile za kuchuna kwa vidole gumba, sumaku alizotengeneza kwa vipuri vya magari, akazipitisha kwenye spika kuukuu, sauti ikatoka imekwaruzika vibaya. Hakuitupa. Aliijengea muziki, na albamu ya Congotronics ilipotoka mwaka 2004 dunia ikaja kusikiliza. Zambia nao, miaka ya 1970, bendi ya WITCH na mpiga gitaa Paul Ngozi walikanyaga pedali zenye ukali kuliko hii na hakuna anayesema hawakuwa Wazambia.

MPIGA RITUNGU: Sijamaliza. Umenikata mahali pabaya. Nimesema kila uzi una mvumo *wake*. Nikichuna nyuzi mbili, mivumo ni miwili. Haiingiliani. Ulipowasha hicho kifaa na huyu ndugu yangu akapiga noti mbili pamoja, nilisikia ya tatu. Hakuna aliyeipiga. Ilitoka wapi?

MWANDISHI: Nilikuja hapa nikiwa upande wa fundi, nami sifichi. Hoja ya ritungu na mvumo niliiona imemaliza kesi kabla haijasemwa. Sasa namwomba fundi ajibu swali hili bila kulizunguka, maana naona ndilo swali lenyewe.

FUNDI WA STUDIO: Nitajibu. Ameisikia kweli. Nyuzi zote sita za gitaa zinatoka kwa waya mmoja na kukunjwa na diodi zile zile. Zikikunjwa pamoja zinazaana. Chukua do ya hezi 400 na sol ya juu yake, hezi 600. Moja ya sauti zinazozaliwa ni mara mbili ya do, ukitoa sol: 200. Hiyo nayo ni do, iko oktava moja chini. Hakuna anayelalamika, ndiyo maana wapiga roki wanapenda noti hizo mbili. Sasa chukua do na mi. Kwa freti za gitaa letu, mi ni karibu 504. Mara mbili ya do, toa mi: 296. Sol iliyo karibu na hapo ni 300. Gitaa la ridhimu likigusa sol hiyo, 296 na 300 zinasuguana mara nne kila sekunde. Ndicho mzee alichokisikia.

MPIGA SOLO: Na mimi nacheza nini siku zote? Do na mi, re na fa, mi na sol. Noti mbili sambamba, zinapanda na kushuka pamoja kama wasichana wawili na ndoo kichwani. Solo za huku kwetu zimejaa hizo. Likembe za Mingiedi ni noti zinazopokezana, vidole gumba vinapishana. Ukizikunja hazina mwenzake wa kugombana naye. Hukunidanganya kuhusu Kinshasa, mura, ila uliacha kipande.

FUNDI WA STUDIO: Basi piga noti moja moja pedali ikiwa imewashwa. Kwenye noti moja haizai mgeni, inazaa ndugu zake tu.

MPIGA SOLO: Yaani nibadilishe muziki ili upatane na kifaa.

FUNDI WA STUDIO: Gitaa lenyewe ni kifaa! Aliyelishika mara ya kwanza baada ya nyatiti alibadilisha muziki. Alipata freti, akapoteza ile mipango ya zamani ya nyuzi, akapoteza pete ya mguuni. Hukumlilia. Uliupenda muziki uliotokea ukauita wako.

MPIGA SOLO: ...Hilo ni kweli. Sina la kukujibu kwa sasa, ila halinifanyi nikanyage.

FUNDI WA STUDIO: Na kwa mzee wa ritungu niseme jambo moja. Zipo sumaku za gitaa zinazochukua kila uzi peke yake, waya sita, na kila waya unakwaruzwa kivyake. Roland wamezitengeneza tangu miaka ya 1970. Hapo do na mi hazikutani kabisa ndani ya diodi.

MPIGA RITUNGU: Kumbe yuko mtu mwingine duniani aliyesikia ninachokisikia.

MWIMBAJI: Unazo hapa?

FUNDI WA STUDIO: Sina. Ningeagiza, zingepitia Nairobi mpaka Sirari, na bei yake ni nyumba ya bati.

MWANDISHI: Basi tunabaki na pedali mbili zilizopo sakafuni.

FUNDI WA STUDIO: Nina pendekezo la mwisho, na ndivyo ningefanya hata kama tusingebishana. Gitaa liingie safi. Waya moja kwa moja kwenye kompyuta, hakuna pedali. Baadaye, wimbo ukiwa umetulia, naitoa ile sauti safi, naipitisha kwenye pedali, naichukua tena. Mzee akiichukia tunaifuta. Kilicho safi hakipotei. Jukwaani uamuzi ni wa papo hapo, lakini studio ina nafasi ya kujaribu. Kidogo tu: kifundo cha mkwaruzo robo, cha nguvu kipande, kompresa itangulie ili noti zifike kwenye ovadraivu zikiwa zimelingana.

MPIGA SOLO: Hapo ndipo unapozidi kunitisha, na wewe unadhani umenipoza. Mkono hupiga kile sikio linachosikia. Nikisikia gitaa safi linalokufa haraka, naijaza nafasi, naongeza noti. Nikisikia mkwaruzo unaorefusha noti, nasubiri, napiga chache. Ukinichukua safi halafu ukanivika mkwaruzo nikiwa nimekwenda nyumbani, utakuwa na mtu anayejaza nafasi ambayo tayari imejaa. Huyo si mimi wa kwanza wala wa pili. Na ukitanguliza kompresa, unaondoa hata ile heshima moja ambayo ovadraivu inampa mpigaji: nikipiga taratibu ilainike, nikipiga kwa nguvu ikwaruze. Kama kweli unaitaka, iwashe sasa, nikiisikia, na kompresa itoke.

FUNDI WA STUDIO: Yaani unakubali ovadraivu?

MPIGA SOLO: Nakubali kuisikia kabla ya kuikataa. Ni tofauti na ulivyokuwa unataka kunifanyia.

MWIMBAJI: Na mimi nisiwepo kwenye jaribio hilo? Nitasimama hapa hapa niimbe. Mkiona napandisha sauti, mnaizima.

MPIGA RITUNGU: Mtabishana juu ya zile zinazokanyagwa mpaka jua lizame. Mimi naulizia ile isiyokanyagwa. Fundi, ndani ya kompyuta kuna kompresa?

FUNDI WA STUDIO: Ipo, mzee. Mwishoni naiweka juu ya wimbo mzima, ili usikike kwenye simu.

MPIGA RITUNGU: Na ritungu litakuwa chini yake.

FUNDI WA STUDIO: Litakuwa chini yake, ndiyo.

MPIGA RITUNGU: Ikibanwa, mvumo unapanda au unashuka?

FUNDI WA STUDIO: Ukichuna, kishindo cha kwanza kinashuka. Uzi unapofifia kompresa inaachia, na mkia wa mvumo unasogea mbele.

MPIGA RITUNGU: Mvumo hufa kabla ya uzi. Uzi hubaki peke yake muda mfupi, unalia safi, bila mvumo. Ni hapo ninapoingiza neno. Baba yangu alinifundisha kusubiri hapo. Ukiusogeza mkia mbele, mahali pale patakuwepo?

MPIGA SOLO: Mjibu, mura.

FUNDI WA STUDIO: Sijui mpaka nisikie. Nimekuwa nikibana mwisho wa wimbo miaka yote na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Vuta kigoda karibu na maiki, mzee. Chuna uzi mmoja, ule mnene, uuache mpaka ufe wenyewe. Usiimbe. Ukifika pale unapoingiza neno, nyanyua kidole, na mimi nitasimamisha saa.